TRELA YA KIKUNDI INALALA WAPI?

Vikundi vingi vya kujisaidia hapa Busia vinamiliki trela, au viko njiani kununua. Kuna ile kubwa ya kuvutwa na trekta, na kuna ile ndogo ya magurudumu mawili ya kuvutwa na ng'ombe, ambayo mafundi wa jua kali huiunda kwa ekseli na rimu za gari kuukuu. Ni mali nzuri. Inabeba miwa, mihogo, mchanga, matofali na mbolea, na siku ambayo kikundi hakina kazi nayo inakodishwa ilete pesa. Lakini ikifanya kazi saa 8 kwa siku, saa 16 zinazobaki imesimama tu. Hizo ndizo saa za mwizi.

Mtu mmoja akiibiwa trela yake, ni hasara yake. Kikundi kikiibiwa, mambo ni zaidi ya hapo. Deni linabaki kulipwa na trela haiko. Halafu watu wanaanza kutazamana. Mwenyekiti anasemwa, vijana wanasemwa, na yule jirani wa boma ilimokuwa analala nayo anaitwa mwizi hata kama hana kosa. Mwishowe michango inakoma na kikundi kinavunjika. Ndiyo maana ni vizuri kujadili ulinzi wa trela mapema, wakati bado tunaelewana.

MWIZI ANATAFUTA NINI?

Wezi ni wa aina mbili. Wa kwanza anataka trela nzima. Anakuja na trekta au ng'ombe, au wanaume wachache tu wanaoweza kuisukuma hadi barabarani. Wa pili anataka vipande: tairi, rimu, ekseli, hata mbao za ubavuni. Huyu wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu hahitaji gari. Rimu mbili zinabebwa kwa pikipiki, na kabla ya jogoo kuwika zimeshapita njia za panya. Tukumbuke kwamba sisi tunakaa mpakani. Kituo cha pamoja cha forodha pale Busia kilifunguliwa rasmi mwaka 2018, lakini mali ya wizi haipangi foleni pale.

Kwa hiyo, kufuli moja pale mbele inamsumbua mwizi wa kwanza peke yake. Wa pili anaanza na nati za magurudumu.

KUFUNGA KWA CHUMA

1. Trela isimame ndani ya boma, karibu na nyumba wanamolala watu, isiachwe kando ya barabara au kwenye uwanja wa soko. Ule mkono wa mbele unaofungwa kwenye trekta uelekee ukutani au kwenye ua, ili trekta isipate nafasi ya kuingia. Ile pini ya kuungia itolewe iwekwe ndani ya nyumba.

2. Chimbeni shimo la futi 3, simamisheni bomba nene la chuma, mmwage zege: saruji ndoo 1, mchanga ndoo 2, kokoto ndoo 4. Mwagieni maji kila siku kwa siku 7 kabla ya kulitumia. Fundi achomelee chuma cha kupitisha mnyororo, ili usichomolewe kwa juu.

3. Mnyororo uwe na unene wa milimita 10 au zaidi. Upite ndani ya rimu, uzunguke ekseli, ndipo ufungwe kwenye bomba. Ukifungwa kwenye mbao tu, mwizi atakata mbao. Tena usiachwe ukilala chini, kwa sababu ukiwa ardhini mtu anaupiga kwa nyundo au kuukanyagia mkasi wa chuma. Ukazwe uning'inie.

4. Kufuli ya bei rahisi inavunjwa kwa pigo moja. Nunueni moja nzuri badala ya tatu mbovu, na fundi aichomelee kiboksi cha bati nene cha kuifunika, kibaki wazi upande wa chini tu ambapo mkono wenye ufunguo unaingia.

5. Kama trela haitatumika kwa siku nyingi, ipandisheni juu ya mawe au magogo imara, mtoe magurudumu, myafungie ndani ya nyumba. Trela bila magurudumu haiendi mbali.

ALAMA NA KARATASI

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Rimu mbili za aina moja haziwezi kusema mwenyewe ni nani. Mwiteni fundi achonge herufi za kikundi na namba ya usajili kwa patasi au kwa kuchomelea, kwenye chuma cha chini ya trela, kwenye ekseli na kwenye kila rimu. Rangi peke yake haitoshi, inakwanguliwa. Sehemu moja ichongwe mahali pa siri panapojulikana na wachache.

Pigeni picha kwa simu, pande zote na zile alama. Risiti ya fundi na kumbukumbu za mkutano ulioamua kununua ziwekwe pamoja kwenye faili ya katibu. Trela inayovutwa barabarani na trekta au gari inatakiwa isajiliwe ipewe namba yake, na namba za trela hapa Kenya huanza na herufi Z. Usajili uwe kwa jina la kikundi, siyo la mwenyekiti. Akifa, familia yake inaweza kuja kuidai, na hapo mtaibiwa mchana bila kuvunja kufuli. Kikundi ambacho hakijasajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022 kimuone afisa wa maendeleo ya jamii.

NANI ANAJIBU USIKU HUU?

Hapa ndipo vikundi vingi vinapoanguka. Chuma kipo, mnyororo upo, lakini usiku ule haukufungwa. Ukiuliza, mmoja anasema, "Nilidhani Mzee amefunga." Mzee naye anasema, "Nilijua vijana ndio wa mwisho." Kazi ya wote imekuwa si kazi ya mtu.

Kikundi kiandike kwenye daftari jina la mtu mmoja kwa kila usiku. Anayeipokea trela jioni anatia sahihi, na anayeichukua asubuhi anatia sahihi. Funguo ziwe mbili: moja kwa mwenye zamu, nyingine kwa mwekahazina. Na yule mwenye boma apewe kitu. Tusimwambie mama wa watu alinde mali yetu bure mwaka mzima. Apewe sehemu ndogo ya pesa za kukodisha, au siku moja kwa mwezi atumie trela bila malipo. Mtu anayefaidika na kitu huamka mbwa wakibweka.

Anayekodi naye aandikiwe. Trela ikilala kwake, aonyeshwe namna ya kuifunga na akubali kwa sahihi kwamba ni juu yake. Ikipata pancha njiani jioni, mtu abaki nayo. Asiende wote kutafuta fundi.

IKIIBIWA

Msiguse kitu. Mjulisheni naibu wa chifu na majirani wa Nyumba Kumi saa ile ile, halafu polisi, mkiwa na picha na zile namba. Ombeni namba ya OB. Ikisemekana imevuka Uganda, polisi wa huku wawasiliane na wenzao. Vijana wasivuke kwenda kuinyakua. Na mkimshika mshukiwa, asipigwe. Rimu inanunuliwa tena, uhai haununuliwi.

Jambo la mwisho linatuhusu sisi wenyewe. Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inamtaka mnunuzi wa vyuma kuukuu awe na leseni, na mwezi wa Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara hiyo kwa muda kwa sababu ya wizi wa nguzo na nyaya za umeme. Lakini mwizi hawauzii wafanyabiashara wa vyuma peke yao. Anakuja hata kwetu na rimu ya bei ya kushangaza, jioni, bila risiti. Kikundi kinachoinunua kinalipia safari yake ya kesho, na pengine kesho ni zamu yetu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Usiku wa jana trela yetu, au mali yetu nyingine, ilikuwa mikononi mwa nani? Je, imeandikwa?
2. Tukiulizwa na polisi leo, tuna alama gani ya kuonyesha kwamba ni yetu?
3. Anayetuwekea mali yetu tunampa nini?
4. Tutafanya nini kabla ya mkutano ujao, na nani atafanya?