Samaki Wapo, Chumvi Ipo: Rovu Latoka Wapi?

Asimamaye juu ya rasi ya Bangwe huyaona maji pande tatu. Upande mmoja ni ghuba ya Kigoma na meli zake, upande wa pili ni mwambao uendao Ujiji, na mbele yake ni ziwa lenyewe hadi milima ya Kongo. Nyuma yake, kwa reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, iko Uvinza, ambako watu wamechemsha maji ya chemchemi wakapata chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Mtu aliyezaliwa mahali kama hapa ana haki ya kuuliza: samaki tunao, chumvi tunayo, basi rovu litatupatia wapi?

Ndugu zetu wa visiwani huweza kuuliza swali hilo hilo, tena kwa kujiamini zaidi, maana samaki wao ni wa baharini. Ni swali la haki, na jibu lake limo shingoni mwa kila mmoja wetu.

Chini ya kikoromeo iko tezi yenye umbo la kipepeo, ambayo kwa mtu mzima uzito wake ni kama gramu 20. Wataalamu wameiita tezi dundumio. Nayo ni katika jamii ya tezi zisizo na mrija. Tezi ya mate ina njia yake ya kumimina mate kinywani. Tezi za jamii hii humimina kitu chake ndani ya damu moja kwa moja, na damu hukichukua hadi mahali kinapotakiwa. Kitu hicho ndicho homoni, na kazi yake ni kupeleka amri. Mvuvi akumbwapo na dhoruba usiku katikati ya ziwa, moyo ukamwenda mbio na usingizi ukamruka, hiyo ni adrenalini iliyotoka katika tezi zilizokaa juu ya figo. Kongosho nalo hutoa insulini, iamuruyo sukari itoke katika damu iingie katika misuli na viungo vingine.

Adrenalini humaliza kazi yake kwa dakika chache. Homoni ya tezi dundumio, iitwayo thairoksini, huenda taratibu, kwa siku na kwa majuma, na labda ndiyo sababu watu huisahau. Hiyo ndiyo ipimayo moto wa mwili: mwendo wa moyo, joto la ngozi, wepesi wa fikra, ukuaji wa mtoto. Kila molekuli yake imebeba atomi 4 za iodini, na iodini mwili hauwezi kujitengenezea. Sharti iingie kwa kinywa. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 kwa siku, na mama mjamzito 250. Ni kidogo mno: iodini ya maisha yote ya mtu haijazi kijiko kimoja cha chai.

Chini ya ubongo iko tezi nyingine, ndogo kama punje ya mbaazi, iitwayo pituitari. Huyo ndiye msimamizi. Akiona thairoksini imepungua katika damu, hutuma homoni yake kuihimiza tezi dundumio ichape kazi. Iodini ikiwapo, kazi hufanyika na msimamizi hupunguza sauti. Iodini isipokuwapo, amri huzidi kutolewa usiku na mchana, na tezi iliyokosa mali ghafi hufanya jambo lile iliwezalo tu, yaani kukua. Uvimbe huo ndio rovu. Hauambukizi, wala hautokani na laana ya mtu.

Rovu lenyewe, hata hivyo, ni alama tu. Hasara iliyo kubwa haionekani shingoni. Mtoto aliye tumboni, katika miezi ya mwanzo, hana thairoksini yake mwenyewe; hutumia ya mama yake, na kwa hiyo ndiyo ubongo wake hujengwa. Upungufu ukiwa mkubwa mno, huweza kuzaliwa kiziwi, au aliyedumaa mwili na akili. Upungufu ukiwa wa kadiri, huzaliwa mtoto aonekanaye mzima, ila darasani anachelewa kidogo kuliko alivyostahili, na mwalimu humwita mvivu. Muda huo ukishapita, chumvi ya aina yoyote haiwezi kumrudishia mtoto huyo alichokosa.

Sasa turudi ziwani. Iodini ya nchi kavu huoshwa na mvua kutoka udongoni, mito ikaichukua, na hatimaye ikafika baharini. Kwa sababu hiyo samaki wa baharini wana iodini nyingi, na dagaa na migebuka wetu wa maji baridi, kwa utamu wao wote, hawana kiasi hicho.

Jirani zetu wa Idjwi wanaijua habari hii. Idjwi ni kisiwa kikubwa katika Ziwa Kivu, ambalo maji yake huteremka kwa mto Ruzizi hadi Tanganyika yetu. Katika miaka ya 1960 madaktari kutoka Ubelgiji waliwapima wakazi wake shingo. Kaskazini mwa kisiwa, kiasi cha nusu ya watu walikuwa na rovu. Kusini-magharibi walikuwa wachache sana, ingawa iodini ilikuwa haba pande zote mbili. Uchunguzi uliofuata ulielekeza kidole kwenye muhogo. Muhogo una sumu ambayo mwili huigeuza kuwa thayosayaneti, na kitu hicho huizuia iodini isiingie katika tezi. Hatusemi kwamba watu waache ugali wa muhogo. Kigoma itakula nini? Tunasema muhogo ulowekwe siku za kutosha na kuanikwa vema, na iodini iwepo.

Na mwenye bahari je? Utafiti uliofanywa Zanzibar na kuchapishwa mwaka 2006 uliwakuta watoto wa shule wenye rovu wakiwa kiasi cha asilimia 21 Unguja na asilimia 32 Pemba. Nyumba zilizokuwa na chumvi ya iodini zilikuwa asilimia 63.5 Unguja, Pemba ilikuwa nyumba 1 katika kila 100. Wengi walikuwa wameridhika kwamba kisiwa hakiwezi kukosa kitu cha baharini.

Hesabu yake ni nyepesi. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35 na iodini mikrogramu 50 hadi 60. Mtu alaye gramu 5 za chumvi ya kuanikwa pwani, hata kama iodini yote ingebaki humo, hazimfikii mikrogramu 9, naye anahitaji 150. Chumvi ya asili, ya chemchemi au ya pwani, haitegemewi kwa iodini. Hutiwa kwa makusudi na mwenye kuitengeneza.

Serikali ilitoa kanuni za jambo hili katika miaka ya 1990, na matunda yalionekana: rovu kwa watoto wa shule nchini lilishuka kutoka kama asilimia 25 katika miaka ya 1980 hadi karibu asilimia 7 mwaka 2004. Lakini wastani wa taifa hauingii katika chungu cha mtu. Pemba ilikuwa katika nchi hiyo hiyo. Mabwana afya na maofisa biashara wasitazame karatasi ya mfuko peke yake. Watazame na gunia lisilo na maandishi, lile ambalo mwenye kutia chumvi samaki hulinunua kwa kazi yake, na jioni mkewe akateka humo ya mchuzi. Nyumbani chumvi ihifadhiwe katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na unyevu, na itiwe chunguni mwishoni mwa mapishi, kwani iodini hupotea.

Kipimo chake kinachukuliwa mfukoni. Tone moja hudondoshwa juu ya chumvi: ikigeuka buluu, iodini imo, ikibaki nyeupe, haimo. Kazi hiyo haimalizi hata dakika moja, na yaweza kufanywa pale pale gulioni, muuzaji na mnunuzi wakitazama.