Rangi Zinazomfichua Mchanaji Kurasa

Fort Ternan, katika kaunti ya Kericho, iko kando ya reli iliyofika Kisumu Desemba 1901. Treni zilileta stesheni, maduka na mashamba ya walowezi, na kila mahali palihitaji karani na leja yake. Ukipata leja ya Kiingereza ya enzi hizo, ifunge kwanza uitazame ubavuni. Mara nyingi kingo za kurasa zina mawimbi ya buluu, nyekundu na manjano, kama yale ya karatasi iliyobandikwa ndani ya jalada. Wengi hudhani ni urembo tu, kumbe yalikuwa ulinzi.

Mjalidi alichemsha mwani mwekundu hadi maji yakawa ute, akaumimina kwenye trei. Ute huo unatokana na karajini, ambayo leo hutolewa pia katika mwani unaolimwa Paje, Zanzibar. Rangi zilitiwa nyongo ya ng'ombe ili zielee na kutanda bila kuchanganyikana. Alizidondosha, akazichora kwa kijiti au kitana, kisha akalaza juu yake karatasi iliyopakwa maji ya shabu, ambayo hushika rangi. Kwa leja, kurasa zilibanwa pamoja na kingo zake zikachovywa.

Mchoro wa namna hiyo haujirudii. Karani mwizi akichana ukurasa, mistari ya ubavuni haikutani tena, na mkaguzi anaona pengo kabla ya kusoma hesabu. Kwa sababu hiyohiyo, mwaka 1775 Benjamin Franklin alitumia karatasi ya mawimbi kwenye noti za dola 20 za Marekani, ili kuwatatiza waghushi.

Ufundi huu ulianzia Asia. Wajapani walikuwa nao kufikia karne ya 12. Waturuki wanauita ebru, nao UNESCO iliuorodhesha mwaka 2014. Ulaya mafundi waliuficha, hadi Charles Woolnough alipochapisha siri zake London mwaka 1853.

Baadaye viwanda vilichapa mawimbi ya kuiga. Kagua karatasi ya jalada: umbo lilelile likijirudia, au lenzi ikionyesha vitone vilivyopangwa, hiyo ni ya mashine.

Katika unyevu wa Kericho, weka leja mahali pakavu penye hewa, usiifute kwa kitambaa kibichi wala kuibandika selotepu. Ukiipeleka kujalidiwa upya, mwonye fundi asikate kingo kuzinyoosha: kisu chake kitafuta ushahidi wote wa kurasa zilizochomolewa.