Mahakama Imewaachanisha, Benki Bado Inawadai Wote Wawili

Tangu nianze kuwauzia nyumba wanandoa wanaoachana hapa Dallas na Fort Worth, Texas, swali ninaloulizwa zaidi ni hili: "Jaji ameshampa mume wangu nyumba, mbona benki inanipigia simu mimi?" Wanaouliza ni watu makini, wauguzi, madereva wa malori, wenye maduka, na karibu kila mara wanauliza baada ya saini kukauka.

Nyumba ya mkopo ina karatasi mbili. Hati inaeleza mwenye nyumba ni nani. Ahadi ya deni, ile mliyotia saini siku ya kununua, inaeleza atakayelipa ni nani. Hukumu ya talaka inahamisha umiliki, lakini deni haligusi, kwa kuwa benki haikuwa upande wowote wa kesi yenu. Jaji akiandika kwamba mume atalipa, amemwamuru mume. Mume akikwama, benki ina haki ya kumfuata mke kana kwamba talaka haikutokea.

Mama mmoja wa jumuiya yetu ya watu wa Afrika Mashariki alitia saini hati ya kumwachia mumewe nyumba mara tu karatasi zilipowekwa mezani. Alitaka yaishe. Alipotafuta kijumba cha kuishi na watoto, akaambiwa tayari ana mkopo wa nyumba, tena wenye malipo yaliyochelewa. Nyumba si yake, kwa hiyo hawezi kuiuza. Deni ni lake, kwa hiyo hawezi kulikwepa. Kilichobaki ni kurudi mahakamani kumlazimisha mwanamume atii hukumu, na wakili anataka pesa yake kwanza.

Kwa nini anayebaki na nyumba hakopi upya kwa jina lake peke yake? Kwa sababu ya riba. Aliyekopa dola 240,000 mwaka 2021 kwa asilimia 3 kwa miaka 30 analipa kama dola 1,012 kwa mwezi, bila kodi wala bima. Kiasi hichohicho kwa asilimia 7 ni karibu dola 1,597. Nani atavutika kukimbilia huko? Isitoshe, sheria ya shirikisho ya mwaka 1982 inaikataza benki kudai mkopo wote kwa mkupuo eti kwa kuwa nyumba imehamia kwa mwenzi anayeishi humo baada ya talaka. Sheria hiyo inamkinga aliyebaki ndani. Aliyetoka haimsaidii chochote.

Kwa hiyo usitie saini hati ya kuachia nyumba mpaka siku mwenzako anapofunga mkopo wake mpya, mkiwa meza moja. Hukumu iwe na tarehe: asipopata mkopo kufikia siku fulani, nyumba inauzwa. Mkishindwa hilo, mwambie wakili aandae dhamana ya ziada, inayotumika sana Texas, ya kukuruhusu kuingilia kati mwenzako asipolipa. Mikopo yenye dhamana ya serikali, ya FHA na ya VA, inaweza kuchukuliwa na mmoja wenu, lakini dai barua ya benki inayokufungua kwenye deni. Neno la mtu wa simu si barua.

Hao watu wa simu wananichosha. Tangu 2018 kanuni za shirikisho zinazitaka kampuni zinazokusanya malipo zizungumze na mwenzi aliyepewa nyumba kwa talaka, akishathibitisha haki yake, hata kama jina lake halimo kwenye mkopo. Bado nakaa na mama wa watu, hukumu yenye muhuri iko mkononi, na tunaambiwa tuitume tena, halafu tena, kwa idara nyingine, huku faini za kuchelewa zikipanda. Hilo ni kosa lao, na wanalijua. Tuma kwa barua ya rejista, taja kanuni, tunza nakala.

Mara nyingi kuuza ndiyo njia safi kuliko zote: deni linalipwa, kinachobaki kinagawanywa. Hapa napo wanaume wengi wanakwama kwa kusema jina lao tu ndilo liko kwenye hati. Texas, nyumba mnayoishi kama familia haiuziki bila saini ya mke, hata kama hakuchangia senti. Kaunti kadhaa, ikiwemo Dallas, zina amri inayoanza kazi kesi ikifunguliwa, na inazuia kuuza mali bila makubaliano au ruhusa ya jaji.

Kabla sijasimamisha kibao cha mauzo mbele ya nyumba, nataka maandishi yenye saini zenu mbili: bei ya chini kabisa, nani analipa mkopo hadi siku ya mwisho, pesa zitakaa kwa nani zikibishaniwa. Wazee na wachungaji wetu wanajitahidi kupatanisha, na nawaheshimu. Ila kikao kikimalizika kwa "nyumba amwachie mama watoto", mtu aulize kabla chai haijaletwa deni litabaki kwa jina la nani. Na tafadhali, msiache kabati la chumba kikubwa na nguo za upande mmoja, hanga tupu upande wa pili. Mnunuzi akiliona anajua kilichotokea, na ofa yake inashuka.

Anayetaka kurudi nyumbani Afrika Mashariki ajue mambo mawili. Akishapoteza ukaazi wa Marekani, mnunuzi anaweza kulazimika kukata asilimia 15 ya fungu lake la bei na kuipeleka kwa mamlaka ya kodi, kwa hiyo amwone mhasibu kabla ya kuondoka. Pili, hati ya uwakilishi, ya kumruhusu mtu asaini kwa niaba yake, itaje nyumba yenyewe, na kampuni inayofunga mauzo iisome kabla haijasainiwa. Kama ameshafika huko, aweke miadi ubalozi wa Marekani Nairobi au Dar es Salaam, abebe dola 50 kwa kila muhuri, na asitie saini mpaka awe mbele ya ofisa. Jina lilingane na la kwenye hati ya nyumba, hasa kwa aliyekuwa akitumia jina la mume. Na uwakilishi huo ampe ndugu au wakili, asimpe huyo wanayeachana naye.