Ahazi Penye Mfereji wa Maji

Dominika ya Nne ya Majilio, Mwaka A

Katika somo la kwanza la Dominika hii twamsikia mfalme Ahazi akikataa ishara anayopewa na Mungu. Asema hatamjaribu Bwana. Jibu hilo lina sura ya uchaji, na asiyejua habari za nyuma angeweza hata kumsifu.

Yapata mwaka 735 kabla ya Kristo, Resini mfalme wa Shamu na Peka mfalme wa Israeli waliungana kuipiga Yerusalemu. Isaya alimkuta Ahazi mwishoni mwa mfereji wa birika la juu, pengine akikagua maji ya mji kabla ya kuzingirwa. Angalieni vema: nabii hakumkemea kwa kukagua maji. Alimwambia atulie, asiwaogope wafalme wale wawili.

Sasa tufungue Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 16. Huko twaona Ahazi akitwaa fedha na dhahabu ya Hekalu na kumpelekea Tiglath-Pileseri, mfalme wa Ashuru, akijiita mtumishi wake na mwana wake. Neno hilo “mwana” ni zito kuliko dhahabu yote. Mungu alikuwa amemwahidi Daudi kwamba mzao wake atakuwa mwana Wake. Naye Ahazi akaupeleka uwana huo kwa mgeni. Mtu aliyekwisha kuamua hivyo, ishara ingemfaa nini?

Isidhaniwe basi kuwa Mungu huchukizwa na hospitali, au na mkulima awekaye akiba ghalani. Yoshua bin Sira, sura ya 38, atufundisha kumheshimu tabibu. Hezekia, mwana wa Ahazi, aliingiza maji mjini kwa kuchimba mwamba, na Maandiko yanamsifu kwa kazi hiyo. Lakini mzazi wa mtoto mgonjwa ambaye jioni husali na Jumuiya Ndogondogo, na usiku humwendea mpiga ramli, huyo hatafuti dawa. Anatafuta bwana wa pili. Na bwana huyo huanza kwa kudai kuku mweupe, kisha mbuzi, kisha humtajia jirani wa kumchukia. Ni familia ngapi vijijini mwetu zimevunjika kwa jina moja lililotajwa gizani!

Ashuru alikuja kweli. Mwaka 732 Dameski ilianguka, Resini akauawa, na machoni pa watu Ahazi alikuwa ameshinda. Msaada wa namna hiyo mara nyingi hufaulu kwanza, ndiyo maana huvuta wengi. Bali deni lilibaki. Kwa ajili ya mfalme wa Ashuru, Ahazi aliishusha bahari ya shaba kutoka juu ya ng’ombe wa shaba walioibeba, akaiweka juu ya sakafu ya mawe. Mwaka 701 Senakeribu, naye wa Ashuru, aliivamia Yuda, na katika kumbukumbu zake ajivunia miji 46 yenye maboma aliyoitwaa.

Na ile ishara iliyokataliwa? Isaya aliitangaza hata hivyo, kwa nyumba yote ya Daudi. Mathayo, ambaye Injili yake twaisoma leo, auona utimilifu wake katika Bikira Maria. Na katika orodha ya mababu wa Yesu, sura ya 1, aya ya 9, jina la Ahazi limo.