DAWA ZA STEROIDI HUPUNGUZWA KWA NGAZI, HAZIKATWI GHAFLA

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanafahamishwa kuhusu matumizi ya dawa za jamii ya steroidi, hususan prednisoloni, ambazo hutolewa kwa wagonjwa wa baridi yabisi, pumu kali, lupasi na mmenyuko wa ukoma. Wapo wagonjwa ambao, baada ya kupata nafuu au kuona uso umevimba kwa sababu ya dawa, huacha vidonge kwa hiari yao. Kufanya hivyo ni hatari kubwa.

Katika maradhi hayo kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe, au hupigana kupita kiasi, na sehemu iliyoathirika huvimba, hupata joto na kuuma. Steroidi hutuliza mapambano hayo, lakini mara nyingi haiondoi chanzo chake. Jambo hilo lilidhihirika tangu Septemba 1948, pale Dk. Philip Hench na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walipompa kotisoni mgonjwa wa baridi yabisi. Mgonjwa alipata nafuu ya ajabu kwa siku chache, na dawa ilipokatwa maradhi yalirejea.

Ipo sababu nyingine ya kutokata dawa ghafla. Juu ya figo zipo tezi mbili ndogo zitengenezazo kotisoli, ambayo mwili huihitaji kila siku ili kuhimili ugonjwa, jeraha na njaa. Mtu akimeza steroidi kwa zaidi ya wiki chache, tezi hizo hulala, kwa kuwa kazi yake inafanywa na kidonge. Kidonge kikikatwa kwa siku moja, mwili hubaki bila cha kidonge wala cha tezi. Dalili zake ni uchovu mzito, kizunguzungu, kutapika, maumivu ya tumbo na kushuka kwa shinikizo la damu. Mgonjwa aweza kufa. Kupunguza kwa ngazi huzipa tezi muda wa kuamka. Mwenda pole hajikwai.

Mfano ulio karibu na wakazi wa mwambao, kuanzia Bagamoyo hadi Saadani, ni ukoma. Mwaka 2006 Tanzania ilifikia lengo la kuwa na mgonjwa chini ya 1 kwa kila watu 10,000, ila wagonjwa wapya bado huonekana, wakiwamo wa pwani. Wakati wa matibabu, au hata baada ya kumaliza, mabaka ya mgonjwa yaweza kuvimba upya na mishipa ya fahamu kuuma. Asipopewa steroidi mapema, kiganja hupinda, unyayo hufa ganzi, au jicho hushindwa kufumba. Mpango mmoja uliotumika kwa miaka mingi ni wa wiki 12: vidonge 8 vya miligramu 5 kila siku kwa wiki 2, kisha 6, kisha 4, kisha 3, kisha 2, na mwisho 1, kila ngazi wiki 2. Wengine huhitaji muda mrefu zaidi. Ifahamike kuwa huu ni mfano tu; kipimo cha kila mgonjwa hupangwa na mganga wake.

Aidha, steroidi ikitumiwa kwa miezi hudhoofisha mifupa, kwani huzuia mwili kujenga mfupa mpya na hupunguza kalisi inayotoka katika chakula. Hapo ndipo vitamini D inapohitajika, maana ndiyo iwezeshayo utumbo kupokea kalisi. Kwa kawaida wagonjwa wa aina hii hushauriwa kupata vizio 600 hadi 800 kwa siku. Kuzidisha kipimo hudhuru figo. Tena vitamini D hulinda mifupa tu. Haichukui nafasi ya steroidi.

Vitamini hiyo hutengenezwa na ngozi kwa mwanga wa jua. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2012 kuhusu Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania, waishio juani kutwa, ulikuta wastani wa nanomoli 115 kwa lita ya damu, kiwango cha juu. Hata hivyo, kuishi pwani si kinga. Mtumishi akaaye ofisini kutwa hapati faida hiyo, kwa sababu kioo cha dirisha huzuia miale inayotakiwa. Na mwenye kujisitiri mwili mzima, au mgonjwa wa lupasi aliyekatazwa jua, aulize kuhusu vidonge. Samaki wenye mafuta huongeza vitamini D, na dagaa waliwao na mifupa yao huongeza kalisi.

Kwa hiyo wananchi wanakumbushwa yafuatayo:

(a) Prednisoloni isinunuliwe dukani bila cheti cha daktari, wala wagonjwa wasigawiane.

(b) Wavuvi waendao dago na watumishi wanaosafiri wachukue vidonge vya kutosha siku zote za safari.

(c) Mwenye nia ya kufunga Ramadhani amwone mganga kabla ya mwezi kuandama, ili saa za kumeza dawa zipangwe.

(d) Kabla ya kuanza dawa, mganga aelezwe kuhusu kifua kikuu, kisukari na minyoo. Ipo minyoo ipenyayo nyayo za wasiovaa viatu, nayo huweza kuenea mwilini steroidi inapotumika.

(e) Anayetapika dawa, aliyepata ajali au anayekwenda kupasuliwa aseme mara moja kuwa anatumia steroidi.

Matibabu ya ukoma hutolewa bila malipo. Mwenye kusumbuliwa na dawa arudi kituoni alikopewa. Huko ndiko ngazi ya kushukia inakopangwa.