Mwale wa Sauti na Samaki Aliyejificha

Kisiwa cha Kojani, kilichoko upande wa mashariki wa Pemba, ni maarufu kwa wavuvi wake, ambao huenda dago hata pwani ya Bara na ya Kenya. Mvuvi hodari hutambua kundi la samaki kwa rangi ya maji na kwa ndege warukao juu yake. Siku hizi yuko pia msaidizi mwingine, nacho ni chombo cha mwangwi. Je, chombo hicho huona eneo kubwa kiasi gani?

Chombo hutuma mlio usiosikika kwa sikio. Majini sauti husafiri takriban m 1,500 kwa sekunde. Hivyo mwangwi ukirudi baada ya sekunde 0.04, kilichourudisha kiko umbali wa m 30.

Mlio hushuka kwa umbo la pia, ncha ikiwa kwenye chombo. Kipenyo cha duara linalofunikwa ni mara mbili ya kina, zidisha kwa tangenti ya nusu ya pembe ya mwale. Katika kina cha m 30, mwale wa nyuzi 20 hufunika kipenyo cha m 10.6, na wa nyuzi 60 hufunika m 34.6. Eneo la pili ni karibu mara 11 ya la kwanza.

Je, mwale mpana ndio bora? La, si daima. Chombo cha kawaida hupima umbali, hakitambui upande. Samaki aliye kina cha m 20, ukingoni mwa mwale wa nyuzi 60, yuko m 11.5 pembeni mwa mashua. Lakini chombo humwonyesha kana kwamba yuko chini yake, kina cha m 23. Wavu utakaotupwa hapo utampoteza.

Liko kosa kubwa zaidi. Mwangwi wa kwanza wa sakafu ya bahari hutoka chini ya mashua moja kwa moja. Samaki wa pembeni aliye mbali kuliko m 30 mwangwi wake huchelewa, ukamezwa na ule wa sakafu. Hivyo ukingoni mwa mwale mpana, m 4 za mwisho hazionekani. Katika mwale mwembamba ni nusu mita tu. Na changu na chewa hukaa huko chini. Kwa vibua na dagaa, waogeleao katikati ya maji, mwale mpana hufaa zaidi.

Jambo hili si la mvuvi peke yake. Mwaka 1982 na 1983 meli ya utafiti ya Norway, Dr. Fridtjof Nansen, ilikadiria samaki wa bahari ya Tanzania kwa mwangwi. Katika hesabu ya namna hiyo, samaki aliyefichika huhesabiwa kuwa hayuko.

Wanafunzi waweza kulithibitisha hili darasani. Wachore pia zote mbili, sm 1 ikiwakilisha m 3, na mstari wa sakafu sm 10 chini ya ncha. Kisha, kwa bikari, wachore tao la nusu kipenyo cha sm 10 kutoka nchani. Nafasi iliyobaki kati ya tao na sakafu ndiyo maficho ya samaki.