Hasira za mkizi zina tiba ya mazungumzo

Umefika nyumbani usiku, umechoshwa na msongamano wa magari, na mtoto amemwaga chai juu ya karatasi zako za kazi. Kabla hujatambua unalotenda, kikombe kimegonga ukuta na nyumba nzima imenyamaza. Asubuhi unaomba msamaha. Wiki ijayo ni yale yale.

Ikiwa hivi ndivyo ulivyo, msomaji, usijidanganye kwamba hakuna dawa. Mtu mzima aweza kufunzwa kuzitawala hasira zake, na kazi hiyo hufanywa kwa mazungumzo na mshauri nasaha au mwanasaikolojia. Miongoni mwa walioianzisha njia hii ni Raymond Novaco wa Marekani, aliyechapisha kitabu kuhusu jambo hilo mwaka wa 1975.

Usidhani utahubiriwa. Utaulizwa habari za usiku ule wa kikombe, hatua kwa hatua. Ulikuwa umekula? Kifua kilianza kubana wakati gani? Ulijiambia nini moyoni? Wengi hugundua kwamba kabla ya kurusha walijiambia, "Huyu ananidharau." Mtoto wa miaka minne! Basi utafunzwa kulipima wazo hilo kabla ya kuliamini. Utaandika daftarini kila hasira zikipanda, utajifunza kupumua polepole na kutoka nje ukisema utarudi saa ngapi. Kisha wewe na mshauri mtaigiza ugomvi mpaka uzoee kujibu bila kufoka. Haya huchukua wiki kadhaa.

Wapo wanaoshauri upige mto makonde ili hasira ziishe. Utafiti wa Brad Bushman wa mwaka wa 2002 ulionyesha kinyume: waliopiga mfuko wa ndondi huku wakimfikiria aliyewaudhi ndio waliozidi kukasirika.

Lakini wewe unayempiga mwenzio, jiulize: mbona mkubwa wako kazini hujamzaba kofi hata siku moja? Hizo si hasira peke yake, na mshauri lazima aambiwe ukweli wote. Nawe unayepigwa, usingoje mwenzio amalize vikao ndipo utafute usalama. Sheria ya Kenya ya mwaka wa 2015 kuhusu dhuluma za nyumbani yakuruhusu kuomba amri ya ulinzi mahakamani, na nambari ya simu 1195 ni ya bure.

Unapomtafuta mshauri, muulize kama amesajiliwa; usione haya. Siku ya kwanza si lazima usimulie maisha yako yote. Anza na kile kikombe.